Mizani kwanza, bei baadaye: vitu vya nyumbani ninavyojengea ndege za rimoti

Bawa la ndege yangu ya kwanza liliyeyukia mezani. Nilikuwa nimelichonga kutoka kwenye stairofomu iliyokuja na friji ya jirani, nikaunga vipande viwili kwa supaglu ya dukani kwa Mangi, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, pale kwenye kiungo palikuwa na shimo la kupitisha kidole gumba. Supaglu ya kawaida hula stairofomu, tena kimyakimya. Nikaapa kwamba kuanzia siku ile kila kitu nitaagiza kwa wauzaji wa ndege za rimoti. Nilipoona bei, na juu yake nauli ya mzigo, kiapo hakikumaliza wiki.

Leo karibu kila ndege yangu ina kitu cha jikoni, cha gereji au cha fundi baiskeli ndani yake. Lakini hakuna kinachoingia bila kupita kwenye mizani ya jikoni. Wanaoanza huniuliza hiki kinapatikana shilingi ngapi, mimi nauliza kina gramu ngapi. Chukua ndege ambayo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 25 nyuma ya pua, na mkia uko sentimita 60 nyuma ya kitovu hicho. Ukibandika kibao cha gramu 10 mkiani, kwa sababu tu kilikuwa kinazagaa ndani, utahitaji gramu 24 puani ili ndege isawazike. Kibao kimoja cha bure kimekuletea gramu 34. Ndege nzito inalazimika kukimbia ndipo ibaki hewani, na inakuja kutua na mbio hizo hizo.

Uzito wa puani wenyewe siununui. Gereji wanakobalansi tairi, vile vyuma vidogo vilivyobanduka huwa vimetapakaa sakafuni, na vingi vimegongwa namba ya gramu, 5 au 10. Omba tu, fundi atakuangalia mara mbili halafu atakupa. Kupima mlingano nimechomeka penseli mbili zenye raba kwenye kibao, raba zikiwa juu, na ndege inakaa hapo kwa mabawa. Kwa bawa lililonyooka raba naanza kuziweka kwenye robo ya upana wake kutoka ukingo wa mbele, wala sivuki theluthi.

Turudi kwenye gundi, maana hapo ndipo wengi wanapoumia. Kwa stairofomu tumia gundi nyeupe ya seremala. Inachukua usiku mzima kukauka, na katikati ya kiungo kipana hewa haifiki, kwa hiyo paka nyembamba, kisha shikilia vipande kwa vijiti vya mishikaki vilivyochomekwa mshazari. Vijiti hivyo waweza kuviacha humo humo, vinaongeza nguvu. Supaglu ibaki kwenye mbao. Kwenye mbao ina ndoa yake na bekingi soda ya keki: jaza unga kwenye pengo, dondoshea tone moja, na papo hapo inakuwa ngumu kama jiwe, ukilainisha kwa msasa inakubali. Inatoa joto na moshi unaochoma macho, kwa hiyo fanyia dirishani. Na usifute supaglu iliyomwagika kwa pamba au kitambaa cha pamba. Pamba huiharakisha, joto linapanda ghafla, unaweza kuungua vidole. Rangi ya kucha nayo ni nzuri kwa kuzuia skrubu ndogo zisilegee kwa mtikisiko, ila dawa ya kuiondolea, kama ina asetoni, itafanya kwa stairofomu kile supaglu ilichonifanyia mimi.

Tundu la skrubu likilegea kwenye mbao, vunja kijiti cha meno, kipake gundi nyeupe, kisukume ndani, kata kinachobaki nje. Kikikauka, skrubu inashika upya.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni spoki ya baiskeli. Ndiyo waya wangu wa kuunganisha sevo, yaani kimota kinachosogeza vibao vya kuongozea, na elevata, kibao cha mkiani kinachoinua au kushusha pua: spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2, imenyooka, haipindi ovyo, na upande mmoja tayari ina nyuzi za kukazia. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu ana kopo zima la zilizokatika karibu na kichwa, na kwangu urefu uliobaki unatosha kabisa. Kwa ndege ndogo ni nzito kidogo, kwa hiyo natumia kijiti cha mshikaki kama mwili wa fimbo hiyo ya kuunganisha, halafu kila mwisho nafunga kipande kifupi cha spoki kwa uzi wa cherehani na kudondoshea supaglu juu ya uzi. Na kama mtu atakucheka kwa kujengea ndege vyuma vya baiskeli, mwambie kwamba ndugu Wright, waliorusha ndege ya kwanza yenye injini, walikuwa mafundi baiskeli kule Dayton, Marekani, na mwaka 1901, walipojenga kijumba cha upepo cha kupimia mabawa, vipimo vya ndani walivitengeneza kwa waya wa spoki na vipande vya msumeno wa chuma.

Bawaba za eileroni, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoinamisha ndege upande, nabandika kwa seloteipu pana, juu na chini. Kwanza napangusa kwa spiriti, la sivyo jua la saa nane mchana linaifanya gundi ya seloteipu iteleze. Mpira wa ndani wa baiskeli, ukiukata pete nyembamba, unazuia kibanio kinachoshikiza fimbo ya sevo kwenye kibao chake kisifunguke hewani. Pete moja, nusu gramu, na imeniokolea zaidi ya ndege moja.

Pua ikibonyea baada ya kutua vibaya, usiikate. Toa mota na waya, kisha mwagia maji yanayotokota polepole. Vipunje vya stairofomu vinavimba tena, na mbonyeo unapanda huku unaangalia. Mara ya kwanza niliita watoto waje waone. Haitarudi kama mpya, uso unabaki na chunusi, lakini umbo linarudi.

Sasa kuna mahali ubahili haufai kabisa. Propela iliyopasuka haiungwi. Inazunguka mara 8,000 na zaidi kwa dakika, na kipande kikichomoka hakichagui jicho la nani. Ivunje kabisa ili usije ukashawishika. Betri nayo: vijana huniletea seli zilizotolewa kwenye laptopu za zamani, wanataka zirushe ndege. Mota ndogo inaweza kuvuta ampea 20, seli zile hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, zinapata moto na volti zinaanguka ndege ikiwa juu ya miti. Nunua lipo ya kweli, yaani betri ya lithiamu-polima ya ndege za rimoti. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, usiishushe chini ya 3.0, na kama hurushi wiki hii iache kwenye 3.8 hivi, si ikiwa imejaa.

Hata hapo pa gharama, jiko lina mchango. Lipo nachajia ndani ya chungu cha udongo chenye mchanga chini, nje kwenye saruji, na simuachi mtoto aisogelee. Ikishika moto, chungu hakiungui. Kipimo cha chungu kinategemea betri zako, ila chagua chenye mdomo mpana ili waya zisibanwe, na usikifunike kwa kuziba kabisa. Changu nilikinunua kipya sokoni. Cha nyumbani kilikuwa na maharage.