Sayansi ya kudadisi shule ya msingi: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Mwambie mwalimu wa darasa la tano afundishe sayansi kwa kudadisi, yaani watoto wabashiri, wajaribu, wabishane na waandike walichokiona kabla ya kupewa jibu. Mara nyingi atakujibu: sina maabara. Nimefundisha somo hili miaka mingi, na jibu hilo nami nimelitoa. Ni jibu la mtu aliyechoka, si la mvivu. Hata hivyo si la kweli, na kuna mengine kama hilo.

Dhana: Bila maabara hakuna majaribio

Chukua uzi na mawe mawili, moja dogo, jingine la ukubwa wa ngumi. Uliza: tukiyaning'iniza kwenye uzi na kuyabembeza, lipi litakwenda na kurudi haraka zaidi? Darasani kwangu karibu mikono yote ilinyooshwa kwa jiwe zito. Nikaandika ubaoni idadi ya kila upande, maana mtoto akishatoa ubashiri wake mbele ya wenzake, matokeo yanakuwa yake.

Saa tuliyotumia ni simu yangu. Jiwe dogo, uzi wa mita 1: kwenda na kurudi mara 10, sekunde 20 hivi. Jiwe zito: sekunde 20 hivi. Darasa lililipuka. Binti mmoja akasimama akasema tumekosea kuhesabu, turudie. Tukarudia. Kikundi kimoja kikapata 21, na tukahangaika hadi tukaona kwamba wenzetu walipima uzi kuishia kwenye fundo, badala ya katikati ya jiwe. Kosa hilo lilitufundisha kupima kuliko ukurasa wowote wa kitabu. Ndipo mtu wa nyuma akauliza, je, uzi ukiwa mfupi? Tukaufupisha hadi sentimita 25. Sekunde 10. Robo ya urefu, nusu ya muda, na hakuna hata kifaa kimoja tulichonunua.

Dhana: Darasa la watoto 90 halifai kwa mambo haya

Ni vigumu, nisidanganye. Darasa lile lilikuwa na watoto 90 kasoro wachache, na kipindi ni dakika 40. Lililotuokoa ni kugawana kazi: vikundi vya watoto sita, na katika kila kikundi yupo anayeshika uzi, anayeachia jiwe, anayehesabu, anayeandika. Asiye na kazi ndiye anayeanzisha fujo. Kelele zitakuwepo, na ni vizuri mwalimu mkuu aambiwe mapema kwamba watoto watakuwa wanabishana kuhusu jiwe.

Dhana: Mwalimu hukaa pembeni, watoto wagundue wenyewe

Hii imeharibu vipindi vingi vyenye nia njema. Mwaka 2006 watafiti Kirschner, Sweller na Clark waliandika makala iliyozua mjadala mkubwa, wakieleza kwamba mwanafunzi anayeanza hulemewa akiachwa bila mwongozo. Katika hilo nawaunga mkono kabisa. Mimi ndiye niliyechagua swali la mawe. Mimi ndiye niliyesisitiza wabadilishe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Mwishoni nilieleza, na maelezo yalisikilizwa kwa sababu kila mtu alikuwa na kiu nayo. Yapo pia mambo ambayo hayagunduliki kwa uzi na kokoto. Kwamba maji yametokana na hidrojeni na oksijeni, lieleze waziwazi uendelee.

Dhana: Mwalimu akisema "sijui" anajivunjia heshima

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Magamba, Lushoto, aliweka mchanganyiko wa maziwa kwenye friji ungali wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanafunzi wenzake walicheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini alikwenda kulijaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha matokeo. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo. Kati ya walimu hao wawili, heshima ilibaki kwa yule aliyekubali kwamba hajui.

Dhana: Ni mtindo wa wageni

Mwalimu Nyerere aliweka akili ya kudadisi miongoni mwa shabaha za Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Miaka hiyohiyo kulikuwa na mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, Kenya na Tanzania zikiwemo. Ndani yake watoto walimchunguza yule mdudu anayechimba vishimo vya mchanga mkavu na kuvizia sisimizi. Ufaransa, inayotajwa sana leo, ilianzisha mpango wake mashuhuri wa sayansi ya kudadisi, La main à la pâte, mwaka 1996, chini ya mwanafizikia Georges Charpak.

Dhana: Teknolojia ni kompyuta

Gari la kopo lenye matairi ya kandambili ni teknolojia. Muulize aliyelitengeneza kwa nini linavuta upande mmoja.

Dhana: Watafeli mtihani

Woga huu nauheshimu, kwa kuwa mwalimu hupimwa kwa matokeo ya darasa la saba. Lakini tazama swali la kawaida kabisa: mbegu inahitaji nini ili iote? Waliokariri wengi huchagua mwanga. Wangu waliweka maharage kwenye pamba yenye unyevu, kopo moja dirishani, jingine ndani ya kabati. Yote yaliota. Siku chache baadaye ya kabatini yalikuwa marefu kuliko ya dirishani, ila ya manjano na yamelegea. Hakuna aliyelikosea swali hilo tena.

Wakaja na lao: kama giza hurefusha mmea, mbona hatulimi gizani? Tukaliandika ubaoni, makopo yakarudi mahali pake kwa wiki mbili nyingine.