Pampu ya juu haivuti maji ya kisima

Hapa Dodoma, mtu akifunga pampu juu ya kisima na maji yasitoke, ushauri wa kwanza anaopewa ni kununua yenye nguvu zaidi. Tafadhali, subiri kwanza.

Pampu ya juu haivuti maji. Inapunguza hewa ndani ya bomba, basi. Hewa ya nje, ambayo ina uzito, ndiyo inayoyakandamiza maji ya kisimani hadi yapande. Unaponyonya soda kwa mrija ni vivyo hivyo: toboa mrija kwa pini juu ya usawa wa soda, uone inavyopanda kwa shida.

Uzito huo una kikomo. Dar es Salaam, usawa wa bahari, unapandisha maji mita 10 na kidogo. Mwanasayansi Evangelista Torricelli alieleza sababu yake huko Italia tangu miaka ya 1640. Dodoma iko juu zaidi ya mita 1,100, hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo kikomo ni karibu mita 9. Ukitoa msuguano wa bomba na viungio vinavyovuja, tegemea 6 au 7. Mota iwe ndogo au kubwa, hesabu haibadiliki. Kubwa itanguruma tu kama imemeza kokoto.

Maji yakiwa chini zaidi, tafuta pampu ya kuzamisha. Yenyewe inasukuma kutoka chini, na hapo ndipo nguvu ya mota inapohesabika. Kabla ya kulipa, funga jiwe kwenye kamba upime kina cha maji, na upime mwezi wa kumi, yakiwa yameshuka.