Uduvi wekundu na maji ya Kampala

Ukiwa sokoni Ggaba, kando ya ziwa hapa Kampala, chambua fungu la mukene (dagaa) taratibu. Humo utakuta vidudu vyeupe vyenye ndevu ndefu. Hao ni uduvi wa Ziwa Viktoria, Caridina nilotica, wanaonaswa usiku pamoja na dagaa. Mvuvi hana haja nao, lakini mimi ndio walionitia wazimu huu. Ninaofuga sebuleni ni jamaa zao wa Asia, Neocaridina davidi. Porini wana rangi ya kahawia tu. Wekundu wa hawa wangu umetokana na wafugaji kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi.

Lalamiko ninalolisikia zaidi ni hili: "Tangi langu linang'aa, maji nabadilisha yote kila Jumamosi, na bado wanakufa." Wanakufa kwa sababu hiyohiyo.

Uduvi hana mfupa, na gamba lake halikui. Kila baada ya wiki chache sharti ajivue gamba (kweli kweli, si kama wanasiasa), kisha aimarishe jipya kwa madini ya kalsiamu. Maji yetu ya bomba yanatoka ziwani, nayo ni maji laini, yenye kalsiamu na magnesiamu kidogo. Ukibadilisha yote kwa mpigo, unamshtua ajivue kabla ya wakati, gamba la ndani likiwa bado halijawa tayari. Mtazame shingoni: ukiona pete nyeupe iliyomzunguka, gamba limepasuka vibaya na huenda asitoke humo akiwa hai.

Dawa yangu naipata duka la chakula cha kuku: makombora ya ziwani yaliyosagwa, yale wanayolishwa kuku wa mayai. Hakikisha hayajachanganywa na dawa yoyote. Yaoshe, tia konzi moja katika soksi ya nailoni, tumbukiza karibu na chujio. Yanayeyuka polepole mno, na ndivyo ninavyotaka. Ugumu wa maji, yaani wingi wa madini hayo, naupima kwa dawa ya matone. Nyuzi 6 hadi 8 za ugumu (dGH) zinatosha. Maji nabadilisha asilimia 10 kwa wiki, yaliyolala kwenye ndoo wazi kutwa kucha ili klorini itoke, tena nayadondosha kwa mrija mwembamba.

Mengine ni mepesi. Tangi la lita 30, chujio la sponji lisilofyonza watoto, na subira ya wiki 4 hadi 6 kabla ya kumtia hata uduvi mmoja, bakteria wazoee kuigeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki, kuwa nitriti, kisha nitrati. Kipasha joto hapa Kampala sijawahi kununua.

Kilichowahi kunimalizia tangi zima ni dawa ya mbu. Ilipulizwa chumba cha pili, mlango wazi, na pampu ikaivuta hewa ile mpaka majini. Kufikia asubuhi walikuwa wamelala chali, majike na mayai yao chini ya mkia. Siku hizi kabla ya kupuliza nazima pampu na kulifunika tangi kwa shuka lenye maji. Hata dodo (mchicha) ninazowachemshia nazipanda mwenyewe nyuma ya jiko, maana za sokoni sijui zimepigwa dawa gani.

Na ukikuta gamba tupu limelala mchangani, macho na ndevu vyote vipo, usinipigie simu ya msiba. Liache hapohapo, watalila wenyewe.