Kabla Hujamkabidhi Mtu Shingo Yako

Tarehe 16 Oktoba ni Siku ya Uti wa Mgongo Duniani, na idara yetu ya fiziotherapia, kama ilivyo ada, imetakiwa kuandika neno kwa umma. Miaka mingine tungeandika juu ya namna ya kukaa na ya kuinua mizigo. Safari hii malalamiko yanayotufikia hapa Nairobi yametulazimisha tuandike jambo jingine: watu wanaokuja kliniki na maumivu mapya baada ya kunyooshwa mgongo au kugeuzwa shingo na mtu waliyemwona kwenye video za simu. Wapo walionyooshwa vyumba vya masaji, wapo wa kumbi za mazoezi, na yupo aliyenyooshwa juu ya meza ya chakula nyumbani kwake, familia ikirekodi.

Tuanze na haki ya wenyewe. Kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo na viungo kwa mikono, ni taaluma yenye vyuo vyake. Ilianzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, pale mwanzilishi wake, D. D. Palmer, alipodai kwamba amemrudishia mtu usikivu kwa kumsukuma mfupa wa mgongo. Dai hilo halijawahi kuthibitishwa, lakini madai yaliyo wajukuu wa dai hilo yanazaliwa kila siku mitandaoni: nyoosha mgongo upone presha, pumu, sukari, ugumba, na hata kilio cha mtoto mchanga. Hakuna ushahidi wa kutegemewa wa haya, na mwenye presha anayeacha vidonge kwa sababu ameahidiwa kunyooshwa anajitafutia kiharusi. Kwa maumivu sugu ya kiuno, habari ni tofauti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa Desemba 2023 umeitaja tiba ya kusukuma viungo vya mgongo kwa mikono kuwa mojawapo ya njia zinazoweza kutumika, kwa masharti, sambamba na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Mwongozo huohuo haupendekezi mikanda ya kiuno. Wauzaji wa mikanda watatuwia radhi.

Kwa hiyo ugomvi wetu si na mkono. Ni na mkono unaotangulia maswali.

Mtaalamu aliyefunzwa, awe wa kairopraktiki au wa fiziotherapia, hakugusi kabla hajakuhoji, na baadhi ya maswali yake yatakukera. Atakuuliza kama umepungua uzito bila kukusudia, kama unaamka usiku umelowa jasho, kama umewahi kuugua saratani, kama umetumia steroidi kwa muda mrefu. Wafugaji na wapenzi wa maziwa mabichi huulizwa juu ya homa, kwa sababu bruselosi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo na maziwa yasiyochemshwa, hupenda kukaa kiunoni. Atakuuliza kama mkojo unatoka sawasawa, na kama ukijipangusa chooni unahisi karatasi. Wazee wengi hucheka hapo, au hukasirika, hasa anayeuliza akiwa binti wa umri wa mjukuu. Tunaomba wasikasirike. Ganzi kwenye sehemu inayokaa juu ya tandiko la baiskeli, pamoja na mkojo kuziba au kutoka wenyewe, maana yake neva za chini ya uti wa mgongo zimebanwa, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Huendi kliniki Jumatatu. Unakwenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.

Chukua mfano wa mgonjwa wa aina tunayomfahamu vizuri. Fundi wa mjengo, miaka arobaini na kitu, kiuno kinauma miezi minne. Amekandwa, amenyooshwa mara kadhaa, kila mara anapata nafuu ya siku mbili. Suruali inamlegea lakini anadhani ni kazi. Akivua shati unaona katikati ya mgongo fupa moja limechomoza nje ya mstari. Ukiligonga taratibu kwa ngumi, anaruka. Hiyo ni TB ya uti wa mgongo mpaka ithibitishwe vinginevyo. TB imekula mfupa, na kila anayeusukuma mfupa huo anausogeza karibu na kumpoozesha miguu. Dawa zake ni za miezi 12, zinatolewa bure katika vituo vya serikali, na nyingi ya kesi hizi hupona zikiwahiwa. Swali moja tu la uzito na jasho la usiku lingemwokolea miezi.

Nafsi zetu zikichoka, huwa ni kwa sababu ya yale tunayoyasikia kila asubuhi: kwamba kiuno kikiuma ni figo, au kwamba mfupa umetoka mahali pake. Maumivu ya kiuno si lazima yawe figo. Figo huuma ubavuni, mara nyingi pamoja na homa au mabadiliko ya mkojo, wala hazijali kama umeinama au umesimama. Maumivu yanayokuja ukiinua mtungi wa maji na kupungua ukilala ni ya mgongo. Mfupa haujatoka mahali pake. Ungekuwa umetoka, ungeletwa kwa ambulensi. Ule mlio wa kualika, ambao watu wanaulipia pesa, ni gesi ndani ya majimaji ya kiungo, sawa na unapoalisha vidole. Hauna uhusiano na mfupa kurudi popote, na tiba isiyolia haijashindwa kazi.

Halafu kuna picha. Mgonjwa anaingia akiwa ameshika bahasha ya MRI, picha ya ndani ya mwili iliyomgharimu karo ya mtoto, anasema diski, yaani mto ulio kati ya mifupa ya mgongo, imechakaa. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wasio na maumivu yoyote, diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha inasaidia pale maswali tuliyoyataja hapo juu yanapotoa jibu la kutisha, au mguu unapopoteza nguvu. Bila hayo, kwa kiuno cha kawaida cha wiki mbili tatu, usilale kitandani. Tembea, fanya kazi kadiri unavyoweza, na usimeze diklofenaki, dawa ya maumivu, ya duka la dawa mwezi mzima bila kupimwa, kwani hiyo ndiyo inayodhuru figo ulizokuwa ukizihofia. WHO inakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliishi na maumivu ya kiuno. Wengi wao hawana ugonjwa wa hatari.

Shingo tunaitenga kwa makusudi. Kugeuzwa shingo kwa ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa mishipa ya damu inayopanda ubongoni. Ni jambo nadra. Hatutaki kumtia mtu hofu isiyo na sababu. Lakini likitokea ni kiharusi. Ukipata kizunguzungu kikali, ukaona vitu viwiliviwili, ulimi ukawa mzito au uso ukalala upande mmoja baada ya kunyooshwa, usimpigie simu aliyekunyoosha. Nenda idara ya dharura na useme wazi kwamba shingo yako iligeuzwa, na lini.

Sasa leseni. WHO, katika mwongozo wake wa mwaka 2005, iliweka mafunzo kamili ya kairopraktiki kuwa yasiyopungua saa 4,200 za darasani na kliniki kwa miaka minne, zikiwamo saa 1,000 za kutibu chini ya uangalizi. Cheti cha wikendi mbili hakifiki hapo. Ukiingia kituoni, tafuta karatasi tatu, usichanganye moja na nyingine. Ya kwanza ni usajili wa mtu, unaoonyesha kwamba baraza la taaluma linamtambua. Ya pili ni leseni yake ya mwaka. Aliyesajiliwa miaka kumi iliyopita bila kuihuisha leseni hana ruhusa ya kukutibu leo. Ya tatu ni leseni ya kituo chenyewe. Kibali cha biashara cha kaunti, kile kinachoning'inia kwenye fremu karibu na mlango, si mojawapo ya hizo tatu. Wanafiziotherapia wako chini ya Sheria ya Wanafiziotherapia ya mwaka 2014 na baraza lao. Madaktari wako chini ya Sura ya 253 ya sheria za Kenya na baraza lao, KMPDC, ambalo sajili yake inatafutika mtandaoni kwa jina. Mtu akikuambia yeye ni wa kairopraktiki, muulize amesajiliwa na baraza gani, kisha uliulize baraza lenyewe. Leseni ya fiziotherapia haimfuniki mwenye taaluma nyingine.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017, vifungu vya 8 na 9, inakupa haki ya kuelezwa hali yako, tiba inayopendekezwa, hatari zake na njia mbadala, kabla hujakubali. "Legea tu, haitauma" si maelezo.

Ukidhurika na mtu aliyesajiliwa, andika malalamiko kwa baraza lake: tarehe, mahali, ulichofanyiwa, nani alishuhudia. Ambatisha risiti, kadi ya kliniki na ripoti ya daktari aliyekuona baadaye. Mlalamikiwa hupewa nafasi ya kujibu kwa maandishi, kisha kamati hupima kama kuna jambo la kusikilizwa. Matokeo yanaweza kuwa kutupiliwa mbali kwa malalamiko, onyo, kurudishwa masomoni, kusimamishwa leseni, au kufutwa kwenye sajili. Asiyeridhika na uamuzi wa KMPDC anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu. Asiyesajiliwa popote hana baraza la kumwadhibu, na hapo ndipo watu hutuletea barua zisizotusaidia wao wala sisi. Huyo ni wa polisi: kutibu bila usajili ni kosa la jinai, adhabu yake ni faini, kifungo, au vyote viwili. Ripoti kituo cha polisi na uondoke na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Ukitaka fidia, njia ya kawaida ni kesi ya madai, na kwa madhara ya mwili yaliyotokana na uzembe sheria inakupa miaka 3. Bila risiti kazi inakuwa ngumu, na wengi huja bila risiti kwa sababu walilipa kwa simu kwenda namba ya mtu binafsi. Ujumbe wa malipo usiufute.

Kwa wanaotaka kuja kwetu: usivuke moja kwa moja hadi hospitali ya rufaa. Jisajili SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, kwa *147#, onwa kwanza kituo cha afya cha karibu, upewe barua ya rufaa ikihitajika. Ukija, vaa suruali inayokunjika hadi gotini, beba picha za zamani hata kama uliambiwa hazina kitu, na dawa zote unazotumia zikiwa kwenye pakiti zake, pamoja na ile ya miti shamba ambayo hukutaka kumwambia daktari wa mwisho.