Kuingiza programu za malezi katika huduma za umma: maana yake

Programu ya malezi ni mfululizo wa vikao ambamo wazazi na walezi hujifunza, na kufanyia mazoezi, namna ya kulea: jinsi ya kumwitikia mtoto mchanga, jinsi ya kuweka kanuni za nyumbani na kuzisimamia bila fimbo, jinsi ya kumsikiliza kijana aliyenuna. Programu hiyo huhesabiwa kuwa imeingizwa katika huduma za umma pale inapoacha kutegemea mradi na kuwa sehemu ya kazi za kawaida za kliniki, ofisi ya ustawi wa jamii au shule, ikiwa na mtumishi anayewajibika nayo, kifungu chake katika bajeti, na msimamizi anayefuatilia kama inatolewa inavyopaswa. Likikosekana mojawapo kati ya hayo matatu, kinachobaki ni semina tu.

Tanzania inafaa kutazamwa kwa sababu ilianza kwa kukubali ukubwa wa tatizo. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na matokeo yake kutolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na takribani mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya watoto, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili. Polisi na mahakama ni lazima wawepo, lakini wao huitwa baada ya mtoto kuumia. Ndiyo maana Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, yaani MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18, uliyaweka malezi na mahusiano ya familia miongoni mwa maeneo yake makuu. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto hadi umri wa miaka 8 na kuunganisha mambo matano: afya bora, lishe toshelevu, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama.

Mlango mpana zaidi wa kuifikisha huduma hii kwa familia ni kliniki ya mama na mtoto, kwa kuwa wazazi wengi hufika hapo wenyewe kwa ajili ya chanjo na kupima uzito. Utaratibu ulioandaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF unaonyesha jinsi kazi inavyofanyika. Mhudumu haanzi kwa kuhubiri umuhimu wa kucheza na mtoto, humuuliza mama, "Huwa unacheza naye vipi?" kisha hukaa kimya na kutazama. Akiona mama amemtazama mtoto usoni au ameiga sauti yake, humsifu kwa jambo hilohilo alilolifanya. Baada ya hapo humpa zoezi moja dogo, pengine kwa kutumia kikombe na kijiko cha nyumbani, na mama hulifanya palepale kabla ya kuinuka kwenye benchi. Ni dakika chache tu, ila dakika hizo zinahitaji muuguzi aliyefundishwa, na foleni isiyomlazimisha kuandika uzito kwenye kadi na kuita jina linalofuata.

Kwa wazazi wa vijana kazi ni ndefu zaidi. Afrika Kusini, katika Jimbo la Rasi ya Mashariki, programu ya vikao 14 iitwayo Sinovuyo Teen ilijaribiwa kwa familia 552 katika maeneo 40, ikitolewa na wasaidizi wa ustawi wa jamii pamoja na wanajamii wa kawaida, na ndani yake mlikuwa na vikao vya kupanga matumizi ya kaya na kuweka akiba. Miezi kadhaa baadaye walezi walisema wamepunguza kupiga na kudhalilisha, na hali ya uchumi wa nyumba zao ilikuwa afadhali. Majibu ya vijana wenyewe, hata hivyo, hayakuonyesha tofauti ya wazi kuhusu ukatili. Tofauti hiyo kati ya majibu ya walezi na ya vijana isifichwe, kwa sababu serikali inayotumia fedha za umma inapaswa kumuuliza mtoto pia, na si mzazi peke yake.

Toleo la Tanzania la programu hiyo, Furaha Teens, lilizifikia familia nyingi kupitia mradi uliofadhiliwa na Marekani. Mafanikio hayo ni ya kweli, lakini yanaonyesha pia tofauti kati ya kufikia watu na kuwa na huduma. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi ya afya na jamii barani Afrika ilikatika katikati ya kazi. Mwezeshaji aliyekuwa akilipwa posho na mradi hana mwajiri mwingine mradi unapofungwa, hata kama wazazi wa mtaa wake bado wanamhitaji.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwa watumishi. Kata nyingi hazina afisa ustawi wa jamii, na aliyepo hukabiliwa na mashauri ya matunzo, migogoro ya ndoa na watoto waliotelekezwa kwa wakati mmoja. Kumwongezea vikao vya malezi bila kumpunguzia jingine ni kuvifanya vikao hivyo vibaki kwenye taarifa za robo mwaka tu. Ratiba nayo ni suala la haki: kikao cha saa nne asubuhi siku ya kazi huwaacha nje akina baba wengi, na bibi anayelea wajukuu peke yake hatafika iwapo mwaliko umeandikwa kwa ajili ya "mama na baba".

Mwananchi anayetaka kujua kama halmashauri yake imeiingiza huduma hii kikweli anaweza kuuliza maswali mawili katika mkutano wa mtaa au wa kijiji: ni fedha kiasi gani za mapato ya ndani zimetengwa kwa ajili ya malezi mwaka huu, na ni mtumishi gani ambaye kazi hiyo imo katika majukumu yake ya ajira.