Urubani wa mashirika makubwa: tunayoambizana huku Kigoma na ukweli wake

Matokeo ya form six yakitoka tu maswali yanaanza, kuanzia Mwanga mpaka Ujiji, mzazi anauliza mwanangu anataka urubani, apitie wapi mpaka afike Emirates au hata hapo ATCL (Air Tanzania) kwenye Dreamliner. Majibu anayopewa mtaani mengi sio ya kweli na hii ishu ukidanganywa inakula hela nyingi, watu wanauza viwanja, wanauza ng'ombe, kwa kuamini kitu ambacho hakipo. So naweka hapa ninavyovijua.

"Ukimaliza shule ya urubani, shirika linakuchukua"

Hapana jamani, na hii ndo inayoumiza watu kuliko zote. Shule inakupa CPL, leseni ya rubani wa biashara, na kwa viwango vya ICAO, shirika la usafiri wa anga la Umoja wa Mataifa, unaipata ukiwa na masaa 200 ya kuruka, au 150 kama ulisoma kozi moja iliyounganishwa mwanzo mwisho kwenye shule iliyoidhinishwa. Masaa 200 ni kidogo sana. Unatoka hapo una leseni na una deni, halafu matangazo ya kazi yanataka mtu mwenye masaa mia tano, elfu moja, mengine elfu mbili na kuendelea. Hapo katikati, baada ya leseni na kabla ya kazi ya kwanza, ndipo vijana wetu wengi wanapopotelea. Mzazi alipiga hesabu ya ada, ambayo peke yake kwa kawaida inavuka milioni mia, ila hakuna aliyemwambia kwamba kijana anaweza kukaa mwaka au miwili anatafuta kazi na muda wote huo leseni inadai hela, medical (kipimo cha afya) kila mwaka, mtihani wa kuruka kwa vyombo (kwa kusoma mitambo bila kuona nje), na masaa machache ya kukodi ndege ili mkono usisahau.

Kwa hiyo ukipanga bajeti, panga na hicho kipindi. Njia za kukivuka zinajulikana, wengine wanaongeza leseni ya ualimu wanafundisha wanafunzi wapya huku masaa yanapanda, wengine wanaingia kampuni ndogo zinazorusha Cessna Caravan kama Auric Air na Coastal, wengine wanapata kurusha watalii wa Mahale na Katavi.

"Rubani wa vindege vidogo na pangaboi (ndege za propela) sio rubani kamili"

Hii kauli inaniudhi, nasema wazi. Vijana wanakataa kazi ya Caravan wanasubiri jeti, na jeti haiji. Kwenye Caravan wewe mwenyewe unaangalia hali ya hewa, unapiga hesabu ya mafuta na uzito wa abiria na mizigo, unatua kwenye kiwanja cha udongo ambacho jana kilinyeshewa. Chukua Tabora tu, iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, mchana wa mwezi wa kumi jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, injini inapungua nguvu na bawa linabeba kidogo, ndege inakula uwanja mrefu zaidi kabla haijanyanyuka, na hapo hakuna wa kukufanyia hesabu. Mashirika makubwa yanajua thamani ya masaa uliyoruka ukiwa wewe ndo mkuu wa ndege.

Ila kuna kitu inabidi ukijue mapema. Caravan ina injini moja, na mashirika makubwa yanataka pia masaa ya ndege yenye injini zaidi ya moja inayorushwa na marubani wawili. Ndo maana hatua inayofuata kwa wengi ni hizo pangaboi tunazozibeza, Bombadia Q400 za ATCL zinazotua hapa kwetu, au ATR za Precision Air. Q400 ya ATCL inabeba abiria 76, ina marubani wawili wanaogawana kazi na skrini za kisasa mbele yao, na masaa yake yanaingia kwenye logibuku (daftari la masaa ya rubani) kama masaa ya ndege kubwa ya injini mbili. Kutoka hapo kwenda Airbus A220 au Boeing ni kusomea aina nyingine ya ndege, huanzi upya urubani.

"Lazima masaa 1,500 ndo uruke ndege ya abiria"

Hii watu wameitoa kwenye video za Wamarekani. Kule ni sheria yao, ilitokana na ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo Februari 2009, Bunge lao likapitisha 2010 na kuanzia 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria anatakiwa awe na ATPL, leseni ya juu ya rubani wa mashirika, ambayo kwa kawaida ni masaa 1,500 (waliotoka jeshini na waliosoma vyuo fulani wanapunguziwa). Kwenye viwango vya ICAO ambavyo sisi tunafuata, ATPL yenye masaa 1,500 ni lazima kwa kapteni wa ndege za marubani wawili. Rubani msaidizi anaweza kukaa na CPL, ruhusa ya kuruka kwa vyombo, na mafunzo ya aina ya ndege husika. Shirika lenyewe likitaka zaidi ya hapo ni uamuzi wake, na mashirika ya Ghuba kwa anayeingia moja kwa moja huwa yanataka zaidi, so soma tangazo lenyewe usisome komenti.

Na huyo rubani msaidizi wala sio mwanafunzi. Safari hii anarusha yeye kapteni anasimamia, safari ijayo wanabadilishana.

"Bila PCM na digrii sahau"

PCM (fizikia, kemia, hesabu) inasaidia, PGM (fizikia, jiografia, hesabu) pia, ila leseni yenyewe haidai digrii, na shule nyingi zinaangalia ufaulu wa hesabu, fizikia na Kiingereza. Kiingereza hapo ndo wazazi wanapitiwa, maana kuna kipimo cha ICAO na kwa safari za kimataifa lazima ufikie angalau daraja la 4. Kijana wa shule kama Milambo au Kazima mwenye fizikia nzuri lakini anaogopa kuongea Kiingereza aanze kuongea leo, redioni hamna muda wa kutafuta maneno.

Miwani inaruhusiwa, mradi ukiivaa unafikia kiwango. Wanawake wanarusha, tena hapa hapa Tanzania.

"Ndege zetu zimezuiwa Ulaya, kwa hiyo leseni ya TCAA (mamlaka yetu ya usafiri wa anga) haina maana"

Ni kweli Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha yake ya mashirika yaliyozuiwa kwa sababu za usalama Desemba 2024, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Lakini katazo hilo linahusu mashirika kuruka kwenye anga lao, halijafuta leseni ya rubani yeyote. Leseni ya TCAA bado ni leseni ya nchi mwanachama wa ICAO. Kwenda kuajiriwa Ulaya kulikuwa kugumu hata kabla ya hapo, kwa sababu wanataka leseni yao ya EASA (mamlaka ya anga ya Ulaya) na haki ya kufanya kazi kule.

Hapo hapo nigusie kusoma nje, maana watu wanaenda Marekani au Afrika Kusini wakidhani wakirudi leseni inagongwa muhuri tu. Inabidi uibadilishe TCAA, na kuna mitihani na ukaguzi. Kabla hujalipa ada popote waulize TCAA wanaitambuaje hiyo shule na leseni yake.

"Kuna nafasi za kadeti (mwanafunzi rubani wa shirika) Emirates, lipa laki tano ya fomu"

Huyo ni tapeli. Emirates wana shule yao Dubai, lakini kadeti wanaolipiwa kila kitu ni raia wa kule, mgeni anajilipia mwenyewe. Mashirika mengi yenye kadeti yanaanza na raia wao, na yakikusomesha yanakufunga mkataba wa miaka. Nafasi halali inatangazwa na shirika lenyewe. Na yule anayekwambia atakuongezea masaa kwenye logibuku kwa hela mkimbie kabisa, masaa ya uongo yanakuumbua dakika za mwanzo tu kwenye simuleta (mashine ya kuigiza kuruka), na ukikamatwa leseni inaenda.

"Medical ni ya mwisho, ukishamaliza masomo"

Ni ya kwanza kabisa. Medical daraja la kwanza inaangalia macho, kutofautisha rangi, masikio, moyo, kifafa, na mengine, na lazima upimwe na daktari aliyeidhinishwa na TCAA. Ukishapata inadumu miezi 12, baadaye umri ukienda, kwa mfano ukipita 60, ni kila miezi sita, mpaka 65 ambapo ICAO inakomesha kurusha abiria kimataifa. Mpeleke kijana akapimwe kabla hujauza kiwanja. Nauli ya treni ya kwenda Dar na kipimo chenyewe ni hela ndogo ukilinganisha na kugundua mwaka wa pili kwamba hatofautishi taa nyekundu na ya kijani.