Samadi na mabaki ya chakula: mtambo wa bayogesi si jaa

Tangu kampeni ya kutenganisha taka ishike kasi, malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu yamebadilika sura. Zamani watu walisema gesi haitoshi. Siku hizi wanasema gesi ipo, geji inapanda, lakini jiko haliwaki, au linawaka na kuzimika. Ukiuliza kidogo, wengi walianza kuingiza mabaki ya chakula wiki chache kabla, wakaona gesi imeongezeka, wakazidisha.

Gesi hiyo inayojaza geji bila kuwaka ni kabonidayoksaidi. Bayogesi nzuri huwa na methani, ile gesi inayowaka, kati ya asilimia 50 na 70. Ndani ya mtambo kuna makundi ya vijidudu yanayopokezana kazi. Wanaovunja chakula kuwa asidi huzaliana kwa saa, ilhali wanaogeuza asidi hiyo kuwa methani huhitaji siku kadhaa na hawapendi uchachu. Kipimo chao kizuri cha pH (kipimo cha uchachu; kadiri namba inavyoshuka uchachu unazidi) ni kati ya 6.8 na 7.5. Wali, ugali, mkate na matunda huwa asidi haraka mno, kwa hiyo ukivijaza kwa mkupuo, kundi la kwanza linalipita mbio kundi la pili na uchachu unabaki humo humo.

Haina maana kwamba mabaki ya chakula ni adui. Samadi ya ng'ombe imekwisha kusagwa tumboni, na kilo yake moja hutoa lita 30 hadi 40 tu za gesi. Mabaki ya chakula hutoa mara kadhaa ya hizo. Lakini samadi ndiyo yenye vijidudu vyenyewe na ndiyo inayozuia asidi isipande ghafla. Kinyesi cha kuku nacho kina naitrojeni nyingi, kikizidi hutoa amonia inayowalemaza vijidudu, na mabua makavu yana kaboni nyingi yenye naitrojeni kidogo. Uwiano unaotakiwa ni sehemu 20 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Mwenye mabua na kuku akivichanganya vizuri anaukaribia bila maabara.

Ushauri wetu kwa mtambo wa nyumbani: anza na samadi peke yake hadi mwali uwe wa bluu na utulie. Kisha weka mabaki yaliyokatwakatwa, yasizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mlisho wa siku, na ukae wiki mbili kabla ya kuongeza. Usivuke robo. Mafuta ya kukaangia ni tone, si ndoo. Maji ya sabuni hayaingii, wala samadi ya mnyama aliye kwenye dozi ya antibiotiki. Na tafadhali, hamira haiamshi mtambo. Sukari pia haiamshi, inauchachusha. Tumelisema hili mikutano yote na bado tunakuta pakiti tupu kando ya tangi la kuchanganyia.

Tope linalotoka litakuambia hali kabla ya jiko. La mtambo mzima ni jeusi au kahawia, jepesi, halinuki sana na nzi hawalijali. Likitoka na povu na harufu kali ya uchachu, acha kulisha siku hiyo hiyo. Lipime kwa karatasi ya kupimia pH. Likiwa chini ya 6.5 usiingize chochote hadi lirudi, kisha anza upya na samadi mbichi kidogo kidogo. Huchukua wiki kadhaa. Chokaa husaidia kwa muda tu, na ikizidi huleta tatizo jingine.

Ukileta malalamiko, njoo na daftari la mlisho la siku 14 zilizopita, lenye safu nne: tarehe, kilo za samadi, kilo za mabaki na aina yake, na lita za maji. "Kawaida tu" si kipimo, na fomu yenye jibu hilo inarudishwa. Leta pia tope nusu lita kutoka chemba ya kutokea, lililokorogwa kwanza, ndani ya chupa ya plastiki isiyojaa zaidi ya theluthi mbili na isiyokazwa kifuniko, kwa kuwa bado linatoa gesi. Lifike siku ile ile. Sampuli iliyolala haipokelewi.

Sharti moja halina onyo la kwanza. Hakuna anayeingia ndani ya mtambo, hata kama mtambo hauna kitu, hata kuokoa ndoo iliyodondoka. Methani ikichanganyika na hewa kwa asilimia 5 hadi 15 hulipuka kwa cheche ndogo. Salfidi ya hidrojeni, gesi ya sumu yenye harufu ya yai bovu, ikiwa nyingi huiua pua, hivyo anayesema "sikusikia harufu" huenda alikuwa hatarini zaidi. Mwenye mtambo aliyemtuma mtu humo anafungwa koki ya gesi kwa lakiri, kibali kinafutwa, na ukaguzi unaanza upya tangu kipimo cha kuvuja, kwa gharama yake. Mtu akiumia, jalada linakwenda kwa mamlaka ya usalama kazini na sisi hatuna tena la kusema.

Kuhusu tope kama mbolea, joto la mtambo wa kawaida haliui mayai yote ya minyoo. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa mabaki yenye asili ya wanyama huelekeza vipande visizidi milimita 12 na vipashwe nyuzi 70 kwa saa nzima. Mtambo wako haufiki huko. Basi usilimwagie kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Lipeleke kwenye miti au mashimo ya mahindi, na ulifukie mara moja, la sivyo amonia inapotea hewani pamoja na naitrojeni uliyoitafuta. Linalosubiri libaki limefunikwa, kwani bado linatoa methani, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto angahewa mara 28 hivi kuliko kabonidayoksaidi ya uzito ule ule. Chemba iliyo wazi mkaguzi huiandika kuwa kasoro, hata kama jiko linawaka vizuri.